Madirisha mazuri, ufungaji wa aibu

Naanza na mshumaa, maana ndio ulionifumbua macho. Usiku mmoja wa baridi kali, upepo ukivuma, niliuwasha nikaupitisha taratibu kuzunguka dirisha jipya la chumba cha watoto. Mbele ya kioo mwali ulisimama wima. Kwenye mpira wa kufungia, wima vilevile. Nilipofika kona ya chini, pale fremu inapokutana na ukuta, ukalala, ukazima. Nikawasha tena, ukazima tena. Dirisha la PVC la vioo vitatu, halijamaliza hata msimu mmoja, na upepo unapita kana kwamba hakuna kitu.

Na sikununua kwa pupa! Nilibishana na muuzaji mpaka akanichoka, kwa sababu alikuwa ananitajia upotevu wa joto wa kioo peke yake, 0.6, wakati kinachokaa ukutani ni kioo na fremu pamoja. Nilipombana ndipo akatoa kipimo cha dirisha zima: wati 0.9 kwa mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Bado ni kizuri sana, kioo kimoja cha zamani hupoteza zaidi ya 5. Lakini kwa nini nikitoe kwa kumkaba? Nikakataa pia vioo vitenganishwe kwa ukanda wa alumini, maana alumini hupitisha baridi, na asubuhi kingo za kioo huamka zimelowa.

Siku ya kuletewa nilivipima kwa kiberiti. Ukishika moto karibu na kioo gizani unaona vimwali sita, kila uso wa kioo na chake, na vile vyenye rangi tofauti kidogo ndiyo nyuso zilizopakwa ule utando mwembamba unaorudisha joto ndani. Vyangu vilikuwa viwili, kama nilivyoagiza. Nilifurahi kweli.

Halafu wakaja mafundi. Madirisha yote ya nyumba yakaisha kabla ya jua kuzama, nami kwa ujinga wangu nikaona hiyo ni kasi ya watu wanaojua kazi.

Baada ya ule mshumaa nilipiga simu mara nyingi kabla msimamizi wao hajafika. Aliingia na viatu vyenye matope, hakuvua koti, akaweka kiganja kwenye kioo, akasema, "Dada, dirisha si jiko. Baridi ni baridi tu, ongeza sweta." Nikamwomba abandue ule ubao mwembamba wa pembeni tuone ndani. Akakataa, eti utavunjika. Mwanangu alikuwa amesimama pale pale, amelala na kofia kichwani siku tatu mfululizo, na huyu bwana ananiambia habari za sweta.

Alipoondoka niliubandua mwenyewe kwa kisu. Ufa wa vidole viwili. Povu la kuzibia nyufa limepulizwa juu na ubavuni, kule chini hakuna kitu ila karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa ikasokomezwa. Niliivuta ikatoka imelowa. Upande wa ndani hakuna utepe wowote wa kuzuia mvuke wa nyumba, kwa hiyo unyevu wetu wa kupumua na kupika uliingia humo, ukakutana na baridi, ukageuka maji. Nyuma ya kitanda plasta ilikuwa nyeusi kwa kuvu. Kwa nje povu liko wazi juani, na jua hulila povu mpaka likawa unga.

Usiku huo nilitaka kuandika neno moja tu: msinunue. Ingekuwa si haki. Fundi mwingine alikuja, akatoa uchafu wote, akajaza povu pande zote nne, akafunga utepe usiopitisha mvuke ndani na ule unaopumua kwa nje. Alikaa dirisha moja karibu nusu siku. Mwali wa mshumaa sasa hauchezi hata kidogo. Watoto wanalala bila kofia, na kelele za barabarani zimepungua mno. Madirisha yenyewe ni mazuri, nayasifu bila kusita, na ningeyanunua tena kesho.

Ila si kwao. Tena nikikaa nikawaza sijui kama hata neno "mazuri" wanastahili kulisikia, maana wao ndio waliouza na wao ndio waliofunga, na dirisha lililosokomezwa karatasi si dirisha la 0.9 wala la chochote. Kama unachagua sasa, waulize kwanza wanaziba nini kati ya fremu na ukuta, na usimame hapo hapo wakiziba, kabla ubao haujafunika.

Nilipodai gharama za kurekebisha walinijibu kwamba dhamana imekufa. Sababu waliyoandika: mteja alibandua ubao mwenyewe.