NEO-6M kama chanzo cha saa: nzuri, lakini itoe nje ya bati

Kwa kurekebisha saa ya seva, moduli hii ya GPS ya u-blox inatosha, mradi bodi yake iwe na pini ya PPS (inayotoa pigo moja la umeme kila sekunde). Zenye pini nne tu (VCC na GND za umeme, TX na RX za data) hazikufai: pigo hilo linaishia kuwasha taa ya bodi.

Usiifunge chini ya bati, kama nyumba nyingi za Kampala zilivyoezekwa. Mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa dhaifu kuliko kelele za redio. Kipokezi hutelezesha nakala ya msimbo wa setilaiti wenye vipande 1,023, unaojirudia kila milisekunde, mpaka ilingane na ule unaopokewa. Mwangwi wa mabati huvuruga kilele cha ulinganifu huo, nalo pigo linayumba. Weka antena ya nje, juu kabisa ya paa. Waya wa mita 5 huchelewesha takribani nanosekunde 25. Ziingize kwenye mipangilio ili zifidiwe.

Umeme ukikatika muda mrefu, kibetri cha moduli huisha, nayo husahau data ya setilaiti. Hapo ipe dakika 13 kabla ya kuiamini: ujumbe kamili wa setilaiti huchukua dakika 12.5, na bila marekebisho yaliyomo humo ya sekunde ruka (sekunde zilizoongezwa kwenye saa rasmi ya dunia, ambazo saa ya GPS haizihesabu) saa inaweza kukosea kwa sekunde nzima nzima huku pigo likionekana safi.