Heroes of Might and Magic: kwa nini ya tatu bado ni baba lao

Wadau karibuni tena kwenye chaneli, leo ni Heroes of Might and Magic, gemu ya kompyuta ya mikakati mnayopigana kwa zamu, na sitawapotezea muda na habari za kujenga mji, kukusanya mbao na dhahabu, wiki mpya askari wapya, hayo mnayajua. Nataka tuongelee kitu kimoja: kurudisha pigo. Hiki ndicho kilichonifanya niipende hii gemu, na ndicho watengenezaji walichokuja kukichezea mpaka basi.

Fasta fasta: ya kwanza 1995, ya pili 1996, zote za New World Computing ya kina Jon Van Caneghem, ambaye 1990 alishatoa King's Bounty na ukiicheza ile unaona kabisa mbegu iko pale. Ya pili ukiingia mjini wanakuimbia opera, we acha tu. Halafu 1999 ikaja ya tatu.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini. Adui ana Ogre, majitu, kundi zima, wazito, spidi 4, na kwenye raundi mwenye spidi kubwa ndiye anayeanza. Mimi nina Champion, wapanda farasi, spidi 9, na Griffin, mnyama mwenye mabawa, mmoja tu nimemtenga makusudi akae peke yake. Sheria ni kwamba kundi likipigwa kwa kawaida linarudisha pigo mara moja tu kwa raundi. Zamu ya Champion inakuja ya kwanza, siwapeleki, nabonyeza kusubiri, yaani zamu yao inasogea mwisho wa raundi. Griffin anaruka, anapiga, hata haliumi hilo pigo, Ogre wanarudisha, Griffin kafa, sawa, ndiyo kazi niliyomtuma. Ogre wanacheza zamu yao, wanasogea. Sasa ndiyo Champion wanatoka, na hawa kila hatua wanayokimbia wanaongezewa asilimia 5 ya nguvu, wanapiga... mmeona? Hakuna jibu! Na raundi mpya anaanza nani? Champion tena, kwa hiyo nawatoa pale kabla Ogre hawajainua mkono, na kwa spidi 4 hawawafikii ng'o. Yaani sheria mbili ndogo tu, kurudisha mara moja na kusubiri, na jeshi dogo linamaliza kubwa. Naweza kurudia hii siku nzima.

Ya nne, 2002, wakafanya mnapigana kwa wakati mmoja, ukipiga na wewe unapigwa papo hapo, ule ujanja wote kwisha. Iliniudhi sana. Ila jamani, shujaa mwenyewe kushuka uwanjani kupigana ni wazo zuri, na muziki wake sidhani kama kuna toleo limeufikia, kwa hiyo nyie mnaoiita takataka kwenye komenti mnaionea.

2003 3DO, kampuni iliyokuwa inaimiliki New World Computing, ikafilisika, Ubisoft wakalichukua jina. Ya tano, 2006, Nival wa Urusi wakaleta 3D, nzuri, naipa heshima yake. Ya sita, 2011, rasilimali zikashuka kutoka 7 hadi 4, sasa ramani unaigombania kwa lipi? Ya saba, 2015, tuipite.

Kuna watakaosema Age of Wonders, gemu nyingine ya aina hii, na yenyewe ya 1999, na kweli pale majeshi yaliyo jirani yanaingia vitani pamoja, naipenda, lakini huu ujanja wa Griffin mmoja siupati kule.

Kuhusu hela: ile HD ya 2015, yaani ya tatu iliyosafishwa picha, achaneni nayo, haina nyongeza zake, Armageddon's Blade hamna, Shadow of Death hamna. Chukueni Complete, ya tatu yenye nyongeza zote, subirini punguzo kama hamna haraka, halafu juu yake wekeni Horn of the Abyss, kazi ya mashabiki, bure kabisa, ina mji mpya wa maharamia, Cove. HD haikubali kuwekewa hiyo, msije mkalia.

Video ijayo ni Cove mwanzo mwisho, na Olden Era, Heroes mpya ya kampuni ya Unfrozen, nayo itapata video yake, kitu cha kwanza nitakachojaribu ni Griffin mmoja. Sabskraibu basi, tukutane huko.