ThinkPad T480 na FreeBSD: sauti ipo, tatizo ni inakopelekwa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo ipo ThinkPad T480, toleo la 2018 lenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, na ndani yake imo FreeBSD 14, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows. Kibodi na betri tuziache kando. Leo ni sauti tu.

Mwenye haraka aondoke na jibu mapema: inafanya kazi. Spika, hedifoni za waya, maiki ya ndani, vyote. Draiva inaitwa snd_hda na imo tayari kwenye keneli ya kawaida, ile GENERIC, kwa hiyo hakuna cha kupakua. Ukielekezwa uanze kwa kusakinisha PulseAudio, programu ya kusimamia sauti, mwambie huyo mtu atulie kwanza. T480 ikikaa kimya, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: sauti inakwenda kwenye kifaa ambacho siyo, au hedifoni na spika zimesajiliwa kama vitu viwili visivyojuana.

Tuanze na hilo la kwanza. Fungua terminali, andika:

cat /dev/sndstat

Tazama kioo hapa. Kila mstari unaoanza na pcm ni kifaa kimoja cha sauti. Uliotajwa Realtek ALC257 ndio chipu ya sauti ya laptopu yenyewe. Uliotajwa Intel Kaby Lake na HDMI ni njia ya kwenda kwenye TV. Sasa tafuta neno default limekaa mwisho wa mstari upi. Likiwa kwenye HDMI na hujachomeka TV, wimbo unapigwa kama kawaida, ila hakuna spika upande wa pili. Kama Realtek yako ni pcm0, ingia kama root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, uandike:

sysctl hw.snd.default_unit=0

Namba ni ile inayofuata neno pcm. Usinakili sifuri yangu kama kwako ni 1. Ili mpangilio ubaki hata ukizima mashine, maneno hayo hayo, bila neno sysctl, yaweke kwenye /etc/sysctl.conf. Halafu funga Firefox yote na uifungue upya. Siyo kufunga tabo, yote! Programu iliyokwisha kufungua kifaa cha zamani inaendelea kukishikilia, na hapo ndipo mtu anaamini amri haikufanya kazi wakati imefanya.

Ukitaka kupima bila kivinjari, toa hedifoni masikioni, shusha sauti, kisha tuma takataka kwenye kifaa:

mixer vol=30%
cat /dev/random > /dev/dsp

Utasikia mvumo kama mvua juu ya bati. Ctrl na C unasimamisha. Mvumo ukisikika, FreeBSD imemaliza kazi yake, na ukimya uliobaki ni wa programu unayotumia. Angalizo: amri ya mixer iliandikwa upya kwenye 14.0. Maelezo ya zamani yanakupa mixer vol 30, bila alama ya usawa, na hiyo hapa inakataliwa.

Haya, hedifoni. Hapa ndipo penye utamu. Unachomeka waya, spika zinaendelea kupiga, masikioni kimya. Siyo tundu bovu. Ndani ya chipu kila tundu na kila spika ni pini yenye namba, na BIOS ndiyo inayoiambia draiva pini ipi iko kundi gani. BIOS ikiweka hedifoni kundi lake na spika kundi lake, FreeBSD inakutengenezea mistari miwili ya Realtek kwenye sndstat, na haina sababu ya kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine. Angalia makundi yako:

sysctl dev.hdaa.0 | grep _config

Kwenye ALC257 pini ya spika ni nid20, ya hedifoni ni nid33, lakini hakikisha kwa macho: mstari wa spika una device=Speaker, wa hedifoni una device=Headphones. Kitu cha kusoma ni as, yaani kundi, na seq, yaani nafasi ndani ya kundi. Tuseme spika ina as=1 seq=0. Hedifoni tunaiingiza kundi hilo hilo na kuipa nafasi ya 15. Hiyo 15 ina kazi maalumu: draiva ikikuta hedifoni kwenye nafasi hiyo, inazima spika waya unapoingia na kuzirudisha ukitoka.

sysctl dev.hdaa.0.nid33_config="as=1 seq=15"
sysctl dev.hdaa.0.reconfig=1

Funga kila kinachopiga sauti kabla ya amri ya pili, maana inavunja vifaa na kuviunda upya, na kifaa kinachotumika hakivunjiki. Ikikubali, ihifadhi kwenye /boot/device.hints:

hint.hdaa.0.nid33.config="as=1 seq=15"

Umeona tofauti? Kwenye sysctl ni mstari wa chini kabla ya config, kwenye faili ni nukta. Ukikosea hapo hupati onyo lolote. Unawasha upya na tatizo liko pale pale.

Ubora wa sauti yenyewe, nisiwadanganye: spika ziko chini ya mashine, zinapiga kuelekea meza, na besi ni ndogo. Kwenye Windows zinapambwa na programu ya Dolby, ambayo huku haipo. Ongeza hint.pcm.0.eq="1" kwenye faili lile lile, washa upya, na mixer itakuwa na bass na treble. Inasaidia kidogo. Mdundo wa disko usitarajie.

Maiki: andika mixer peke yake, utaona chanzo cha kurekodi kimeandikwa src. Kama si mic, andika mixer mic.recsrc=+ na mambo yamekwisha. Hedifoni za Bluetooth zinawezekana kwa programu iitwayo virtual_oss, lakini kazi yake ni ndefu. Kwa mkutano wa saa tatu kesho asubuhi, tafuta za waya.

Na unayefikiria kuruka T480 ununue mpya zaidi, tahadhari. Laptopu nyingi za baadaye, mfano X1 Carbon ya kizazi cha 7, maiki zake za ndani ni za kidijitali na zinapitia DSP ya Intel, yaani prosesa ndogo ya sauti, ambayo FreeBSD haiiendeshi: spika utasikia, maiki hutapata. Zile ambazo chipu yake ya sauti imeunganishwa kwa SoundWire, njia mpya zaidi ya kuunganisha chipu za sauti, hata spika hupati. Kwa hiyo ukienda kununua mtumba, beba flashi yenye FreeBSD. Zima Secure Boot, kinga ya BIOS inayozuia mifumo isiyosainiwa, washa kutoka kwenye flashi, chagua Live System, ingia kama root bila nenosiri, kisha cat /dev/sndstat. Usipoona mstari wa chipu ya ndani wenye play/rec, pesa ibaki mfukoni.