Hak hau hak min na muk hau muk min: nyuso mbili katika Kikantoni cha Hong Kong

Misemo hii miwili ya Kikantoni, lugha ya Kichina inayozungumzwa Hong Kong, imejengwa kwa namna moja, kwani yote inataja mdomo (hau) na uso (min), ikitofautiana kwa neno linalorudiwa tu: hak ni weusi, muk ni mti au ubao. Hata hivyo, kuichanganya ni kumhukumu mtu isivyo haki.

Mwenye hak hau hak min amenuna. Weusi huu hauhusu rangi ya ngozi hata kidogo, bali ni kiwingu cha hasira ambacho kwa kawaida kina sababu na mara nyingi kina mlengwa, ndiyo maana watu husema fulani “ananifanyia” uso huo. Msemo hufupishwa kuwa hak min, na likichomekwa neno saai (“kabisa”) katikati, yaani hak saai min, msikilizaji huelewa kwamba uso umejaa ghadhabu tupu.

Muk hau muk min ni uso usioonyesha chochote. Mhudumu wa mkahawa anayeweka kikombe cha chai ya maziwa mezani bila neno wala tabasamu anaweza kuitwa hivyo, ingawa hana kinyongo na mteja. Huenda amechoka, au ndivyo alivyo siku zote. Bado ni lawama, kwa kuwa humwonyesha mtu kuwa baridi na asiyechangamka.

Kwa maoni yangu, mgeni anayejifunza lugha hii aanze na hak min, kwani ndiyo itakayomwonya mapema kwamba amemuudhi mwenzake.