Kitabu cha anwani cha I2P: kizuri, ila usikimbilie kuhifadhi

Nafundisha waandishi wa habari kujilinda mtandaoni, na swali linalorudi kila darasa ni hili: "Mwalimu, nitajuaje kama hii ndiyo tovuti yenyewe?" Kwa hiyo I2P, mtandao unaoficha nani anawasiliana na nani, nimeipima kwa swali hilo. Kasi yake sitaigusa.

Kwanza Tor, mtandao mwingine wa aina hiyo, maana wengi wanaanzia huko. Anwani ya onion, yaani ya tovuti iliyo ndani ya Tor, ina herufi na tarakimu 56 kabla ya .onion, na ndani yake umo ufunguo wa kidijitali unaoitambulisha tovuti yenyewe. Ukiwa nayo sahihi, huhitaji kumwamini mtu wa kati. Shida ni kwamba hakuna anayeikariri. Watu hutazama herufi za mwanzo, wakiona zinafanana wanaingia, na matapeli wanalijua hilo: kompyuta ikiachiwa muda inaweza kutengeneza anwani inayoanza na herufi kadhaa unazozitaka. Nawasisitizia wanafunzi waikague hadi mkiani. Na ile d ya mwisho isiwape moyo, kwani anwani zote za onion za sasa huishia na d.

I2P imepita njia nyingine. Unaandika jina fupi linaloishia na .i2p, kisha programu iliyo kwenye kompyuta yako inalitafuta katika kitabu chako cha anwani. Hakuna ofisi ya majina ya dunia nzima. Ni kama majina kwenye simu: "Fundi Bomba" wangu na wako si lazima awe mtu mmoja. Ukishasakinisha, unakuta umeunganishwa na orodha ya majina ya mradi wenyewe. Nyingine unaongeza kwa hiari yako. Orodha hizo huleta majina mapya, lakini jina ulilonalo tayari halihamishiwi ufunguo mwingine kwa sababu tu mtu wa pili amelidai. Hilo nalipenda sana. Ukishalihakiki jina, ni lako.

Ila sifa hiyohiyo ndiyo inayonitia hofu. Jina lisipopatikana, unaletewa ukurasa wenye viungo vya huduma za kukutafutia. Unabonyeza kimoja, kinarudi na anwani, halafu unaulizwa: uendelee bila kuhifadhi, au uhifadhi, na katika kitabu kipi? Mgeni mwenye haraka anahifadhi. Hapo amepokea neno la mtu asiyemjua, na kama alipewa anwani ya uongo, kitabu kitaulinda uongo huo kwa uaminifu uleule kinaolinda ukweli. Mimi huchagua kuendelea bila kuhifadhi, mpaka nipate kwa mwenye tovuti, kwa njia nyingine kabisa, ile anwani ndefu ya herufi 52 inayoishia na .b32.i2p, niilinganishe na niliyoletewa. Inachosha, lakini ni kazi ya mara moja.

Je, nimshauri nani aitumie? Anayetaka kusoma habari tu, DW kwa mfano, ambayo ina anwani yake ya onion tangu 2019, atosheke na Tor. Tangu 2020 kivinjari cha Tor huonyesha kitufe kwenye upau wa anwani pale tovuti ya kawaida inapotangaza kwamba ina onion; unabonyeza, unahamia. Imani yako hapo inaegemea jina la kawaida la tovuti na cheti chake cha usalama, na kwa msomaji wa habari naona inatosha. Kwa mtu anayetaka kumfikishia mhariri nyaraka za siri haitoshi: anwani apewe mkono kwa mkono, kwenye karatasi.

I2P inawafaa wenye kurudi kwenye tovuti zilezile, kikundi kinachofahamiana, wanaoweza kuhakikiana majina. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ukurasa ule wa kuhifadhi: unakutajia kitabu cha ruta, cha kwako na cha faragha, wakati anayefika pale kwa mara ya kwanza hajui hata kimoja kina kazi gani.