Kuvuka KB 640 za DOS: vipande vya diski au EMS?

Prosesa ya 8088 kwenye IBM PC ya 1981 inafikia MB 1 tu, na DOS (mfumo endeshi wake) pamoja na programu hubanana ndani ya KB 640. Programu ikizidi hapo, ipo njia ya kuikata vipande vinavyopokezana sehemu moja ya memori: mtumiaji akitaka kuchapisha, kipande cha kuhariri kinaondolewa na cha kuchapisha kinasomwa kutoka diski. Haidai kifaa cha ziada. Ila vipande viwili vikiitana ndani ya kitanzi, diski husomwa mfululizo na kasi yote inapotea, kwa hiyo panga vizuri kipi kikae na kipi.

EMS, utaratibu wa kutumia memori ya ziada ulioletwa na Lotus, Intel na Microsoft mwaka 1985, hufungua dirisha la KB 64 lenye kurasa nne za KB 16, ambalo memori hiyo huonekana kupitia humo. Unaita INT 67h (wito wa kuomba huduma ya EMS), ukurasa mwingine unatokea palepale. Kwa data kubwa ni tamu mno, lakini ukibadilisha ukurasa, anwani uliyoishika inaonyesha data nyingine kabisa.

Mimi naanza na vipande. Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, ina OvrInit ya kuanzisha vipande, kisha OvrInitEMS: penye EMS, vipande huhifadhiwa humo na diski inapumzika.