XCOM 2 au Fire Emblem: Three Houses?

Zote mbili ni gemu za mbinu za kupokezana zamu: unasogeza watu wako, kisha adui anasogeza wake. Zinaachana pale mambo yanapoharibika.

XCOM 2 (Firaxis, 2016) hukuonyesha asilimia ya kupata shabaha kabla hujafyatua. Hapo ndipo kelele za wachezaji zinapoanzia: risasi ya 95% inakosa, na askari uliyemlea tangu mwanzo anauawa na harudi tena. Wengi huapa kwamba gemu inawaibia, ingawa ile 5% ilikuwepo muda wote. Misheni nyingi pia zina kikomo cha zamu, kwa hiyo kujibanza na kusubiri hakusaidii. Mimi napenda presha hiyo. Wapo walioweka modi (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji) za kuiondoa.

Three Houses (2019) ina huruma zaidi. Unaweza kurudisha wakati nyuma mara chache katika pambano, na ukichagua Casual, yaani hali nyepesi ya kucheza, aliyeanguka hurudi vita vikiisha. Utamu wake ni wanafunzi unaowafundisha. Ila kuzungukazunguka shuleni kunachosha, hasa ukirudia hadithi upitie upande mwingine.

Three Houses haikutolewa kwa kompyuta, basi asiye na Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, ameshachaguliwa.